Tingatinga: Mchoraji Aliyetoka Kwetu Kusini

Ukisikia neno "tingatinga" unafikiria nini? Tulipouliza swali hili darasani, karibu wote walijibu: "Trekta, mwalimu, lile la kulimia." Mzee mmoja akasema: "Ni lile katapila la kuchonga barabara." Wote wamesema kweli. Lakini yuko Tingatinga mwingine. Huyu alikuwa mtu, tena mtu wa kusini kama sisi, na picha zake zimefika Ulaya, Marekani na Japani.

Leo tutasoma habari za maisha yake. Tutajiuliza pia: mtu huyu, ambaye hakusoma chuo chochote cha uchoraji, alipata wapi mambo ya kuchora?

ALIKOZALIWA

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 katika Wilaya ya Tunduru, kijiji ambacho leo kinaitwa Nakapanya. Ukitoka Lindi ukapita Masasi na Mangaka, unaifikia Nakapanya kabla ya Tunduru mjini. Mama yake alikuwa Mmakua na Mkristo. Baba yake alikuwa Mngindo na Mwislamu. Kwa hiyo ndugu zetu Wangindo wa Liwale na Kilwa wanaweza kusema, "Huyu ni mtoto wetu," wala hawatakosea.

Tunduru ni nchi ya mapori. Mtoto wa huko hujua nyayo za tembo shambani kabla ya kujua herufi. Husikia fisi usiku, na jioni husikia hadithi za sungura na simba. Tena kwa Wamakua ilikuwa desturi kupamba kuta za nyumba za udongo kwa michoro. Mambo haya yote Edward aliyaona na kuyasikia akiwa mdogo. Tuyakumbuke, maana tutakutana nayo tena mbele.

KUTAFUTA KAZI

Alipokuwa kijana aliondoka nyumbani kutafuta kazi, kama walivyofanya vijana wengi wa kusini wakati ule. Alikwenda Tanga, kwenye mashamba ya mkonge. Wazee wetu wa Lindi waliokata mkonge wanaijua kazi hiyo: miiba, jua kali na mshahara mdogo.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 alihamia Dar es Salaam. Huko alifanya kazi ya bustani kwa Mzungu mmoja. Baadaye alifanya vibarua vya hapa na pale, na mwishowe akawa mhudumu katika Hospitali ya Muhimbili. Mshahara haukutosha. Basi akatafuta kazi ya kuongezea.

ALIVYOANZA KUCHORA

Mwaka 1968, akiwa na umri wa miaka 36, Tingatinga alianza kuchora. Hakuwa na turubai la wachoraji wala rangi zao za bei ghali. Alitumia vitu vilivyouzwa madukani kwa kazi nyingine. Alinunua hadibodi, yaani ule ubao mwembamba wa kupigia dari. Akanunua na rangi ya mafuta, ile ya kupaka baiskeli.

Tufanye hesabu kidogo. Hadibodi moja ina urefu wa futi 8 na upana wa futi 4. Ukiikata vipande vya mraba vya futi 2 kwa futi 2, unapata vipande vingapi? Vinane. Picha zake nyingi zilikuwa na ukubwa kama huo. Mgeni aliweza kuibeba picha kwapani akaenda nayo.

Kazi yake ilikwenda hivi. Kwanza alipaka ubao wote rangi moja, kisha akauacha ukauke. Halafu alichora mnyama mmoja mkubwa, akajaza karibu ubao mzima. Mwisho alitia madoa, macho na majani. Alitumia rangi chache tu, na rangi ya baiskeli ikikauka hung'aa. Ndiyo maana picha zake humvuta mtu akiwa mbali.

ALIPATA WAPI MAWAZO?

Hapa watafiti hawakubaliani. Wengine wanasema alianza baada ya kuona picha za wachoraji kutoka Kongo zikiuzwa mjini, akasema moyoni, "Hata mimi naweza." Wengine wanasema asili yake ni ile michoro ya kuta za nyumba za kusini. Wengine wanasema alitazama soko: wageni walitaka picha za wanyama, naye akawapa wanyama.

Sisi tunaona kwamba sababu hizi hazigombani. Picha za Kongo zilimpa moyo wa kujaribu. Soko lilimpa sababu ya kuendelea. Lakini aliposhika brashi, kilichotoka mkononi kilikuwa cha nyumbani: chui, tembo, ndege juu ya miti, na mashetani wa hadithi. Alikaa katikati ya mji akichora pori la Tunduru. Hata alipomchora tausi, ndege asiye wa mapori yetu, alimweka juu ya mbuyu.

Picha hizo ziliuzwa Oysterbay, karibu na duka la Morogoro Stores, walikopita wageni wengi.

KIFO NA URITHI

Alichora kwa miaka minne tu. Mwaka 1972, usiku, Dar es Salaam, polisi waliipiga risasi gari aliyokuwamo, wakidhani ni ya wahalifu wanaotoroka. Tingatinga akafa akiwa na umri wa miaka 40 hivi. Kifo hicho kilikuwa cha kusikitisha, maana hakuwa na kosa.

Kazi ingeweza kufa siku ile ile. Haikufa, kwa sababu Tingatinga alikuwa amewafundisha jamaa zake na vijana wa kwao. Wao waliendelea, nao wakafundisha wengine. Mwaka 1990 wachoraji hao waliunda chama cha ushirika. Leo uchoraji wa namna hiyo wote unaitwa "Tingatinga", hata ukichorwa na mtu asiyemjua.

Liko jambo moja zaidi. Tingatinga aliandika jina lake kwenye picha zake. Leo picha za mkono wake zinauzwa kwa fedha nyingi sana ng'ambo. Wako hata wadanganyifu wanaoiga sahihi yake. Kumbe herufi chache za jina zina thamani!

NA SISI JE?

Mama mmoja wa Kilwa Kivinje alituambia, "Mwalimu, mimi kuchora sijui." Tukamwuliza, "Na haya maua kwenye ukili wako, bibi, nani alikuonyesha?" Akacheka. "Mengine nilifundishwa na bibi yangu. Mengine nayatoa kichwani tu."

Basi ndivyo alivyofanya Tingatinga. Kilwa Kisiwani, katika msikiti mdogo wenye makuba, mafundi wa karne ya 15 walipamba dari kwa bakuli za kauri. Majina yao hatuyajui, maana hayakuandikwa. Mama yule sasa anajua kuandika. Tulimwomba ashone jina lake kwenye pindo la mkeka wake, naye amefanya hivyo.

MASWALI YA KUJADILI

1. Tingatinga alitumia vifaa gani kuchora? Kwa nini alivichagua hivyo?
2. Taja vitu vitatu vya nyumbani vilivyoonekana katika picha zake.
3. Kwa nini kazi yake haikufa pamoja naye?
4. Kijijini kwenu kuna ufundi gani? Nani anajifunza kwa mafundi hao sasa?
5. Andika majina ya mafundi watatu wa kijiji chenu na kazi zao. Itunze karatasi hiyo.