SOMO: Kugawa chakula cha msaada bila kuleta ugomvi



Chakula cha msaada kinaokoa maisha. Lakini kikigawanywa vibaya, kinaweza kugombanisha watu waliokuwa wakisaidiana. Tujifunze pamoja.

1. Kwa nini njaa inaendelea?

Hapa Kivu mkulima hutegemea misimu miwili: msimu A, unaoanza mwezi wa 9, na msimu B, unaoanza mwezi wa 2. Jamaa iliyokimbia vita mwezi wa 9 haikupanda maharagwe, kwa hiyo haina mavuno ya mwezi wa 1. Mvua ikikawia, hata mwenyeji aliyeipokea anapungukiwa. Tena wakimbizi wa ndani wengi wanaishi katika nyumba za wenyeji. Chungu cha watu 6 sasa kinalisha 12. Kadiri ya uchunguzi wa IPC, kati ya mwezi wa 1 na wa 6 mwaka 2025, watu wapatao milioni 28 katika Kongo walikuwa na upungufu mkubwa wa chakula.

2. Ugomvi unatokea wapi?

- Kwenye orodha. Mtu mmoja akiiandika kwa siri, mjane anakosa jetoni na asiyehusika anapata mbili.
- Kwa wenyeji. Aliyegawa mihogo yake miezi 3 anaona lori likipita mbele ya mlango wake, naye hapewi kitu.
- Katika uvumi. Mwaka 2025 fedha za msaada zilipunguzwa sana. Mgao ukipungua bila maelezo, watu husema: «Chifu amekula.»

3. Tufanye nini?

Kwanza, komite iwe na wakimbizi na wenyeji, wanaume na wanawake. Kanuni ya 18 ya Umoja wa Mataifa kuhusu wakimbizi wa ndani (1998) inataka wanawake washiriki kikamilifu katika kupanga na kugawa misaada.

Pili, orodha isomwe mchana mbele ya wote, kabla ya siku ya kugawa, ili makosa yasahihishwe mapema.

Tatu, kipimo kitangazwe. Tuseme ni gramu 400 za unga kwa mtu kwa siku. Jamaa ya watu 5 kwa siku 30 itapata kilo 60. Kikipunguzwa nusu, ni kilo 30. Kila mama aijue hesabu hiyo kabla ya kupanga mstari.

Nne, komite ilieleze shirika hali ya wenyeji waliopokea wageni, ili wenye shida nao waangaliwe. Mwenyeji akiweza kuazima kipande cha shamba, mapatano yafanywe mbele ya mashahidi: ukubwa, muda na mavuno.

Tano, msaada ni bure. Tangu 2003 Umoja wa Mataifa umewakataza watumishi wake kudai ngono ili watoe msaada. Aliyeombwa mwili au pesa asilaumiwe. Asaidiwe kupeleka malalamiko kwa shirika, bila kupitia kwa yule anayemshitaki.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika kijiji chetu, nani anaandika orodha? Nani anaihakikisha?
2. Ni jamaa gani ya wenyeji iliyochoka kwa sababu ya kupokea wageni? Tutaisaidiaje?
3. Mama mwenye malalamiko anaweza kumwendea nani bila hofu?

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Tukiwa na jembe na shamba la kulimia, wageni na wenyeji watavuna pamoja.