Fleti Iliyokuwa ya Serikali: Chimbuko la Hati Kwanza

Swali: Mnunuzi wa fleti ya zamani ya serikali mjini Embu au Meru, iliyo kwenye ardhi ya kukodishwa kwa muda maalumu, achunguze nini kabla ya kulipa?

Jibu: Hati safi machoni haitoshi. Katika kesi ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa, iliyoamuliwa mwaka 2023, Mahakama ya Juu ya Kenya ilishikilia kwamba ardhi ya umma iliyogawiwa isivyo halali haimpi mnunuzi wa baadaye haki inayolindwa, hata akidai kuwa alinunua kwa nia njema. Kwa hiyo upekuzi rasmi katika masjala ya ardhi, unaoonyesha mmiliki wa sasa na vizuizi vilivyosajiliwa, ni mwanzo tu. Linalofuata, na ambalo wengi hulikwepa kwa kuwa linachosha, ni kurudi hadi kwenye barua ya ugawaji na ushahidi kwamba serikali yenyewe iliidhinisha mauzo. Inafaa pia kuulizia kama kuna shauri katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi, ambayo hukaa katika miji yote miwili.

Miaka iliyosalia ya ukodishaji huathiri bei na mkopo wa benki. Kodi ya ardhi hudaiwa na serikali kuu, ilhali reti hudaiwa na kaunti, na kila moja ina cheti chake. Mwisho, chini ya Sheria ya Mali za Sehemu ya 2020, fleti hupata hati yake pamoja na fungu katika ngazi, paa na uwanja wa pamoja. Muuzaji asiye nayo aeleze anauza nini hasa.