Filamu inatoa sauti bila picha: ninunue runinga mpya?

SWALI: Naishi Mpanda, Katavi. Runinga yangu inasoma flashi, lakini filamu nyingine zinatoa sauti tu. Nifanyeje?

JIBU: Usinunue runinga nyingine kwanza. Sauti ikisikika, flashi ni nzima; kinachokosekana ni uwezo wa runinga kufumbua picha kwa jinsi ilivyobanwa. MP4 na MKV, za mwisho wa jina la faili, ni vifungashio tu: ndani mwake picha huweza kuwa ya mfumo wa H.264 wa mwaka 2003, unaoeleweka na runinga nyingi, au H.265 wa 2013, unaozishinda nyingi za zamani. Ndiyo maana kubadili jina la faili hakusaidii kitu. Kompyuta yenye VLC, programu ya bure, hufumbua mifumo yote miwili. Iunganishe na runinga kwa waya wa HDMI, njia isiyokula bando hata kidogo. Utasema kompyuta nayo inataka umeme, na kuiwasha kila jioni ni usumbufu. Ni hoja ya haki. Basi igeuze filamu mara moja tu kuwa H.264 kwa HandBrake, nayo ya bure, kisha rudi kwenye flashi yako. Angalia ukubwa pia: flashi iliyopangwa kwa mfumo wa FAT32 haipokei faili linalofikia GB 4.