SOMO LA NYUMBANI: KUKAUSHA MATUNDA KWA AJILI YA WATOTO WETU



Katika 1 Samweli sura ya 30 twasoma habari za kijana Mmisri aliyekutwa nyikani, naye hajala wala kunywa siku tatu. Watu wa Daudi walimpa mkate, maji, kipande cha mkate wa tini na vishada viwili vya zabibu kavu, akapata nguvu tena. Tangu zamani, basi, matunda makavu yamekuwa akiba njema. Jirani zetu Wasukuma nao huchemsha viazi vitamu, huvikata na kuvianika, wakapata matobolwa ambayo watoto huyapenda sana. Leo tujifunze kufanya hivyo kwa ndizi na mananasi yetu ya Karagwe na Kyerwa.

Kwa nini tujifunze?

Sisi tuliokuwa shuleni mwaka 1975 twaikumbuka kampeni ya Chakula ni Uhai, watu wazima walipokusanyika kusikiliza mafunzo redioni. Hata hivyo, uchunguzi wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba kati ya watoto 100 walio chini ya miaka mitano, 30 wamedumaa. Mkoa wetu wa Kagera, wenye migomba kila nyumba, ulizidi kiasi hicho. Tumbo limejaa ndizi, lakini mwili haukupata vya kuujenga.

Matunda makavu peke yake hayaondoi udumavu. Lakini tazameni: mtoto hupewa fedha ya pipi kila asubuhi, na huku ndizi mbivu zaozea shambani. Tukikausha zile ndizi, fedha ya pipi itanunua dagaa, mayai au karanga. Hapo ndipo faida ilipo.

Vitu vinavyotakiwa

Ndizi tamu zilizoiva vizuri, zisizopondeka; au nanasi, embe au papai. Kisu kikali kilicho safi. Maji ya ndimu. Kichanja kilichoinuka kutoka ardhini, na kitambaa safi chepesi cha kuzuia nzi. Msitumie chandarua chakavu, maana kina dawa ya kuua wadudu. Sukari haitakiwi hata kijiko kimoja.

Namna ya kufanya

1. Chagueni siku za jua. Kwetu miezi ya Juni hadi Agosti ndiyo bora.

2. Naweni mikono kwa sabuni, mwoshe matunda, kisha myamenye.

3. Kateni vipande vyembamba vya unene ulio sawa, kama nusu sentimita. Kipande kinene hukauka nje na kubaki kibichi ndani.

4. Chovyeni ndizi katika maji ya ndimu yaliyochanganywa na maji safi ya kunywa kwa kiasi sawa, ili zisiwe nyeusi.

5. Panga vipande kichanjani visigusane, funika kwa kitambaa, na vigeuze mara mbili kwa siku. Embe na papai yafaa kuyakinga kwa kitambaa cheusi kilichoinuliwa juu yake, kwa kuwa jua kali huharibu vitamini A. Upepo mkavu ndio ukaushao.

6. Jioni ingizeni ndani, kwa sababu ya umande. Baada ya siku mbili au tatu za jua zuri, kunja kipande: kikikunjika kama ngozi na kisitoe maji, kimekauka.

Kosa tulilolifanya sisi

Mara ya kwanza tulikuwa na haraka. Tulizitia ndizi katika kopo zikiwa bado na joto la jua, tukafunga. Baada ya wiki mbili mjukuu alifungua akasema, "Bibi, zimeota manyoya!" Tulizitupa zote. Msikwangue ukungu na kumpa mtoto kinachobaki. Mwaka 2016, huko Dodoma na Manyara, watu walikufa kwa kula mahindi yenye sumukuvu, nayo sumu hiyo hutoka katika ukungu wa namna fulani.

Tangu siku ile twangoja vipande vipoe, kisha twavitia katika chupa ya kioo isiyojaa sana. Kwa siku saba twaitikisa chupa kila siku. Tukiona jasho katika kioo, twavirudisha juani.

Namna ya kuwapa watoto

Hapa wengi hukosea. Katika ndizi mbivu, sehemu tatu kati ya nne ni maji. Maji yakiondoka, sukari yote hubaki, nayo hushika menoni. Basi msihesabu kwa konzi, hesabuni kwa tunda: ndizi moja ikikauka ni ndizi moja bado. Mtoto wa shule yamtosha vipande vya ndizi moja pamoja na karanga kidogo, kisha asukutue kinywa kwa maji.

Wadogo wasipewe vipande vigumu wala karanga nzima, wasije wakapaliwa. Loweka vipande katika maji yaliyochemshwa, viponde, uvitie katika uji badala ya sukari. Mtoto asiyetimiza miezi sita apewe maziwa ya mama tu.

Tena tusiache matunda mabichi, kwa maana vitamini C nyingi hupotea katika kukausha. Wakati wa msimu tule mabichi. Yanayozidi ndiyo tukaushe.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi

1. Wiki iliyopita ni matunda gani yaliyooza nyumbani kwako?

2. Mtoto wako hutumia fedha ngapi kwa pipi katika wiki moja? Fedha hiyo ingenunua dagaa kiasi gani sokoni Omurushaka au Nkwenda?

3. Kwa nini mtoto asiachiwe chupa nzima ya ndizi kavu?

Jaribuni kwanza ndizi chache tu, si mkungu mzima. Zikifaulu, mwiteni jirani aone.