Kabla Hujang'oa Injini, Fungua Tangi

Mdogo wangu wa Kilifi, barua yako nimeisoma mara mbili. Umenunua boti ya matanga ya faiba, mita 9, yenye umri unaokaribia miaka 50. Injini ya dizeli iliyo tumboni mwake inatoa moshi, inachemka, na sasa imekuzimikia mlangoni mwa hori huku mkondo ukikupeleka mwambani. Pole sana. Fundi anataka aing'oe wiki hii, na rafiki yako anakuuzia injini ya lori kwa bei ya chee. Dada yako anakuomba usubiri kidogo.

Anza na moshi wenyewe, kwa sababu rangi yake inasema. Mweusi ni dizeli inayozidi hewa, au injini iliyobebeshwa mzigo: propela kubwa mno, au chini ya boti pameota uchafu wa bahari. Wa buluu ni oili inayoungua, yaani ringi au vali zimechoka. Mweupe usiokoma hata injini ikishapata moto ni dizeli isiyoungua vizuri, au maji yaliyopenya ndani. Kisha pima kompresheni. Ikiwa bado nzuri, huenda unachohitaji ni nozeli, impela ya pampu ya maji na kile kiwiko cha ekzosi ambamo maji ya chumvi hukutana na moshi. Kiwiko hicho huziba kwa masizi na chumvi, injini ikachemka na kukosa pumzi. Injini nzima nyingi zimetupwa kwa sababu yake tu.

Lakini kama ni ya zile za kale zinazopozwa na maji ya bahari moja kwa moja, na chumvi imeshaila bloku kwa ndani, hapo nakubaliana na fundi. Kuifanyia ovahoo ni kutupa fedha. Nunua yenye mzunguko wake wa maji baridi uliofungwa. Beta Marine ya Uingereza na Nanni ya Ufaransa hutengeneza injini za boti juu ya bloku za Kubota, na bloku za Kubota zimo pia kwenye matrekta na jenereta, kwa hiyo makanika wa nchi kavu naye anaweza kukusaidia. Hilo kwangu lina uzito kuliko rangi nzuri ya injini.

Ya lori iache. Itahitaji kipozeo cha maji ya bahari, ekzosi ya maji na giaboksi ya boti, na uzito wake utaikalisha boti yako kwenye tezi. Nguvu za ziada nazo hazikufikishi popote. Boti ya urefu wako, ikiwa na mita 7 na nusu hivi kwenye mstari wa maji, haipiti sana maili 6 na nusu za baharini kwa saa, hata uisukume na nini. Kipimo cha kawaida ni nguvu za farasi 4 kwa kila tani. Tani 4 zinatosheka na farasi 16.

Sasa sikiliza hapa vizuri, maana hapa ndipo watu wanapolia. Injini mpya hufa kwa maradhi yaliyoiua ya kwanza. Fungua tangi. Kwenye joto na unyevu wa pwani yetu maji hujikusanya chini ya dizeli, vijidudu vikaota humo, na ule utandu mweusi huziba filta siku bahari inapochafuka, kwa kuwa mawimbi ndiyo yanayoukoroga. Safisha au badilisha tangi, mipira ya dizeli na filta zote. Gonga vitako vya injini: mbao zilizofunikwa faiba huoza kimyakimya. Tazama bomba la maji ya kupoza. Kama maji yanaingia kwenye ekzosi chini ya mstari wa maji au karibu nao, lazima pawe na kiwiko cha kupumulia juu ya mstari huo, la sivyo bahari itajivuta yenyewe hadi ndani ya silinda boti ikiwa imefungwa. Fedha za kazi hizi zitenge kabla hujalipia injini.

Muulize pia muuzaji giaboksi inazungusha shafti upande gani. Ikitofautiana na ya zamani, propela yako haifai tena: utaweka gia ya mbele, boti irudi nyuma.

Kazi ipange tangambili, upepo ukiwa haujakaza. Kulinganisha injini na shafti kufanyike boti ikiwa majini, milingoti na kamba zikiwa zimekazwa, kwa kuwa boti juu ya magogo hubadilika umbo. Kwenye kaplingi ya sentimita 10, tofauti ya pengo isizidi milimita 0.1. Fundi akikwambia amelinganisha kwa jicho, mwambie arudie kwa kipimo.

Na malipo ya mwisho yazuie. Toka naye baharini, akaze mafuta hadi mwisho, wewe mwenyewe usome mizunguko kwenye saa. Isipofika ile iliyoandikwa na kiwanda, propela ni kubwa mno na kazi haijaisha.