Wikendi ya Kwanza Isikudanganye: Mbinu za Kufuatilia Mapato ya Sinema Nchi kwa Nchi

Ijumaa ya Juni 16, 2023, filamu mbili kubwa zilianza kuonyeshwa Marekani siku moja. Kufikia Jumapili The Flash ilikuwa imeingiza dola milioni 55. Elemental, katuni ya Pixar, iliambulia milioni 29.6, na kabla wiki haijaanza ilikuwa imeshaandikiwa tanzia. Wikendi iliyofuata The Flash iliporomoka hadi milioni 15 na ushei, Elemental ikapata zaidi ya milioni 18. Zilipoondolewa kwenye kumbi, The Flash ilikuwa na dola milioni 108 kwa Marekani na Kanada, na Elemental milioni 154. Ukijumlisha na nchi nyingine, Elemental ilikaribia milioni 500.

Aliyesoma habari ya Jumapili ile tu alibaki na picha iliyogeuzwa juu chini. Aliyekuwa akijaza namba zake kila wiki alianza kuona ukweli ndani ya siku kumi. Nawaandikia wanaotaka kuwa kama huyu wa pili: waandishi wa habari za filamu, watayarishaji wanaotaka kulielewa soko kabla ya kuliingia, na wapenzi wa sinema wanaojali ni watu gani hasa waliokwenda kutazama nini.

Anza na nchi chache. Nashauri Marekani, Ufaransa, Korea Kusini, na moja unayoijua kwa karibu, iwe India, Nigeria au nchi ya Ghuba. Tatu za mwanzo zina takwimu unazoweza kuzisoma bila kulipa, na kila moja huhesabu kwa namna yake, kwa hiyo zitakufundisha haraka. Kwa Marekani kuna Box Office Mojo na The Numbers. Kwa Korea kuna KOBIS, mfumo wa baraza la filamu la serikali, KOFIC, ambao huunganisha mauzo ya tiketi ya kumbi za nchi nzima na kuyaonyesha siku kwa siku. Kwa Ufaransa, tovuti ya AlloCiné huweka orodha ya kila wiki. Uingereza nayo ni rahisi: taasisi ya filamu, BFI, hutoa jedwali la kila wikendi, ila kumbuka kwamba ndani yake imo pia Jamhuri ya Ireland.

Kisha fungua jedwali kwenye kompyuta, au chukua hata daftari la kawaida la mistari. Andika jina la filamu, nchi, siku ambayo kipindi kimeanza na siku kilipoishia, mapato kwa fedha ya nchi hiyo, idadi ya tiketi kama imetolewa, idadi ya majumba ya sinema, na jumla tangu filamu ianze. Mwisho andika namba umeitoa wapi na umeinakili tarehe ngapi. Wengi huziruka safu za siku na ya chanzo kwa kuziona za ziada. Mimi naziona ndizo uti wa mgongo wa jedwali zima.

Siku ndizo zenye mtego mkubwa. Wikendi ya sinema Marekani ni Ijumaa hadi Jumapili, lakini maonyesho ya awali ya Alhamisi jioni humezwa ndani ya hesabu ya Ijumaa. Ujerumani na Australia filamu mpya hutoka Alhamisi, hivyo wikendi yao ya sinema ina siku nne. Ufaransa wiki huanza Jumatano na kuishia Jumanne. Korea filamu nyingi hutoka Jumatano, ingawa wikendi yao huhesabiwa kuanzia Ijumaa. Elemental ilianza Korea Jumatano ya Juni 14, siku mbili kabla ya Marekani. Ukichukua jumla yake ya Korea ya Jumapili ile na kuilinganisha na ya Marekani, unalinganisha siku tano na siku tatu, na hakuna atakayekuonya.

Ghuba kuna jambo jingine. Saudi Arabia na Oman hupumzika Ijumaa na Jumamosi. Falme za Kiarabu zilihamia Jumamosi na Jumapili mwaka 2022. Kwa hiyo Jumapili ya Dubai ni siku ya mapumziko, ya Muscat na Riyadh ni siku ya kazi, na filamu ileile inaweza kuonekana imeshuka mji mmoja na kupanda mwingine bila watazamaji kuibadilishia mawazo. Tena kuna Ramadhani. Mauzo hupungua mwezi huo, kisha Idi hujaza kumbi, na mwezi wenyewe husogea nyuma takriban siku 11 kila mwaka. Anayelinganisha wiki ya pili ya Aprili mwaka huu na ya miaka mitatu iliyopita kwa nchi hizo, au kwa Misri, hajalinganisha chochote. China ni vivyo hivyo kwa mwaka mpya wao, ambao huangukia Januari au Februari na kubeba baadhi ya filamu kubwa zaidi za mwaka. Ne Zha 2 ilitoka siku hiyo, Januari 29, 2025, na ikaishia kuvuka yuan bilioni 15.

Basi jenga mazoea ya kulinganisha siku saba na siku saba, tangu siku ya kwanza ya filamu katika nchi husika. Chanzo kikikupa jumla kuu peke yake, toa jumla ya wiki iliyopita kutoka ya leo, utapata mapato ya wiki. Hapo ndipo utakapofurahi kwamba uliandika tarehe ya kunakili.

Usijaze namba za Marekani Jumapili. Takwimu za wikendi hutolewa na studio Jumapili asubuhi saa za Los Angeles, yaani jioni kwetu Afrika Mashariki, wakati maonyesho mengi ya siku hiyo hata hayajaanza. Sehemu ya Jumapili ni makadirio, na studio inayogombea nafasi ya kwanza ina kila sababu ya kukadiria kwa matumaini. Takwimu halisi hutoka Jumatatu yao, kwetu ikiwa ni usiku. Jaza Jumanne asubuhi. Za Ufaransa zisubiri hadi Alhamisi, wiki yao ikiwa imefungwa. Za Korea unaweza kuzichukua siku inayofuata.

Sasa fedha. Taarifa nyingi za kimataifa hugeuza kila kitu kuwa dola, na hapo habari ya nchi hupotea. Tazama Nigeria. The Wedding Party, iliyotoka Desemba 2016, iliingiza takriban naira milioni 450, rekodi ya wakati ule. Januari 2024 A Tribe Called Judah ya Funke Akindele ikawa filamu ya kwanza ya Nigeria kuvuka naira bilioni 1 katika sinema za nchini. Ni zaidi ya mara mbili, na watu walisherehekea kwa haki. Lakini naira ilikuwa imeanguka vibaya mwaka 2023. Kwa kiwango rasmi cha nyakati hizo, zile milioni 450 zilikuwa karibu dola milioni 1.5, na ile bilioni 1 ilikuwa kama dola milioni 1.1. Ukisoma kwa dola utadhani watazamaji wa Nigeria wamepungua. Ukisoma kwa naira utadhani wameongezeka zaidi ya mara mbili, wakati tiketi nayo imepanda bei. Andika fedha ya nchi kwanza, na pembeni kiwango cha kubadilisha cha wiki hiyo. Usirudi baadaye kugeuza namba za zamani kwa kiwango cha leo.

Ndiyo maana napenda sana nchi zinazohesabu watu. Ufaransa, ukiuliza filamu imefanyaje, jibu ni idadi ya tiketi. Kila tiketi hukatwa kodi maalumu ya asilimia 10.72, na fedha hizo hukusanywa na CNC, taasisi ya serikali iliyoanzishwa mwaka 1946, kusaidia utengenezaji wa filamu. Kwa kuwa kila tiketi inadaiwa, kila tiketi inahesabiwa. Matokeo yake mtu anaweza kuiweka La Grande Vadrouille ya mwaka 1966, iliyotazamwa na watu zaidi ya milioni 17, kando ya Intouchables ya 2011 yenye zaidi ya milioni 19, bila kuhangaika na kupanda kwa bei. Korea hutoa vyote viwili, fedha na watu. Huko Elemental, kazi ya Peter Sohn, mtoto wa wahamiaji kutoka Korea, iliuza tiketi zipatazo milioni 7.2 katika nchi ya watu kama milioni 52. Namba hiyo inaeleza mengi kuliko kiasi chochote cha dola.

India inahitaji uangalifu wa pekee, maana hakuna ofisi moja ya umma inayokusanya mauzo ya kila siku. Namba hutoka kwa wasambazaji, watayarishaji na wachambuzi wa biashara, na kila mmoja anaweza kutaja kitu tofauti: mapato kabla ya kodi, mapato baada ya kodi, au fungu la msambazaji peke yake. Jawan ya Shah Rukh Khan, mwaka 2023, ilitajwa kuwa na zaidi ya krori 1,100 duniani kote, na pia kuwa na takriban krori 640 kwa India baada ya kodi. (Krori moja ni rupia milioni 10.) Namba hizo hazigombani, ila ukizichanganya kwenye safu moja jedwali lako limeharibika. Chagua aina moja na uishike, na ukikuta namba isiyosema ni ya aina gani, iache nje.

China hutoa namba za papo kwa papo kupitia huduma kama Maoyan, zikijumuisha ada ya kukata tiketi mtandaoni. Huko pia ndiko kulikotokea kashfa ya Ip Man 3 mwaka 2016, pale wasimamizi wa serikali walipobaini maelfu ya maonyesho ya uongo yaliyoingizwa kwenye hesabu. Sheria ya filamu iliyoanza kutumika Machi 2017 ikaweka adhabu kwa wanaoghushi mauzo. Ukiona filamu yenye kumbi zilizojaa saa nane za usiku katikati ya wiki, weka alama ya kuuliza.

Jedwali likishakuwa na wiki tatu au nne, lisome kwa mambo mawili. La kwanza ni mshuko: wikendi ya pili imepungua kwa asilimia ngapi. The Flash ilipungua kwa zaidi ya 70, Elemental kwa 38. Filamu kubwa ya Hollywood ikishuka kwa nusu ni kawaida. Ikivuka 60, waliotazama hawawahimizi wenzao. Ikiwa chini ya 40, watu wanaambiana waende. La pili ni kugawanya jumla ya mwisho kwa wikendi ya kwanza. Elemental inatoa zaidi ya 5, The Flash haifiki 2. Kipimo hiki napenda kukitumia kupima mapenzi ya watazamaji, lakini kina mahali kinapopotoka. The Greatest Showman ilitoka Jumatano kabla ya Krismasi ya 2017, ikapata dola milioni 8.8 wikendi ya kwanza, ikapanda hadi 15.5 iliyofuata na kumaliza na 174 Marekani. Sehemu ya muujiza huo ni sikukuu: Desemba 24 ilikuwa Jumapili, na familia zilikuwa nyumbani.

Na tafadhali usiandike kwamba filamu imepata faida kwa sababu mapato yamezidi bajeti. Kumbi huchukua sehemu yao kwanza. Studio hubaki na kama nusu Marekani, na karibu robo tu China. Gharama za matangazo nazo kwa kawaida hazimo kwenye bajeti inayotajwa.

Tanzania na Kenya hatuna jedwali la wazi la kila wiki kama lile la BFI, na hili linaniuma, kwa sababu mtayarishaji wetu anaingia sokoni akiwa gizani. Hata hivyo kuna alama za kufuata. Kila jumba la sinema hutangaza ratiba, na ratiba hupangwa kwa kutazama mauzo. Nakili kila wiki ratiba ya Mlimani City, Dar es Salaam, au ya Nyali, Mombasa: filamu ina maonyesho mangapi kwa siku na saa ngapi. Iliyoanza na maonyesho manne ikabaki na moja la saa nane mchana, imeshahukumiwa. Inayobaki na saa mbili usiku hadi wiki ya nne, ina watu wake.

Kwa mtayarishaji mwenye filamu yake mwenyewe, njia ni mkataba. Kabla ya kusaini, dai taarifa ya kila onyesho, isiwe jumla ya wiki: tarehe, saa, ukumbi, bei, tiketi zilizouzwa, na za bure zikiwa peke yake. Dai pia iletwe asubuhi inayofuata. Ratiba ya wiki ijayo huamuliwa kwa mauzo ya siku za mwanzo, na ukiwa na karatasi mkononi inayoonyesha kwamba Jumamosi jioni ukumbi ulijaa wakati mchana wa Jumatatu ulikuwa mtupu, unaweza kuomba ubadilishiwe saa kabla filamu haijaondolewa.