Somo la Usalama: Kabla ya Kupanda Chombo Ziwa Nyasa

Ndugu mwananchi, uteremkapo Kyela kwa safari ya Ziwa Nyasa, fahamu kwamba ukaguzi wa vyombo vya majini husimamiwa na Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC). Mkaguzi huchunguza bodi, injini na vifaa vya uokoaji, na idadi ya abiria huwekewa kikomo.

Hata hivyo, cheti hakiokoi chombo kilichozidishiwa watu. Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere, chenye uwezo wa abiria 101, kilipinduka Ziwa Victoria karibu na kisiwa cha Ukara. Watu zaidi ya 220 walipoteza maisha.

Hivyo, ulizia kikomo cha abiria, vaa jaketi okozi, na chombo kikijaa kupita kiasi, shuka kabla hakijang'oa nanga.